Vituo viwili vya chaji ya haraka: kilichoniacha Nairobi na kinachonifikisha Nakuru

Mimi ni fundi wa sare za shule. Karakana yangu iko South B hapa Nairobi, vitambaa nanunua Eastleigh, na kila baada ya wiki mbili napeleka sweta, sketi na kaptura Nakuru, kwa wenye maduka watatu ambao tumefanya kazi pamoja tangu watoto wangu wakiwa chekechea. Miaka yote hiyo mzigo ulisafiri kwa Probox ya petroli. Miezi mitano iliyopita niliiuza, nikaongeza pesa za chama, nikanunua gari la umeme, Nissan Leaf ya mwaka 2018 iliyotoka Japani, ile ya betri ya kilowati-saa 40.

Muuzaji alinieleza mengi: viti, kamera ya nyuma, ushuru. Habari ya kuchaji nje ya nyumbani hakuigusa, nami sikujua kuuliza. Nimejifunza mwenyewe, kwa vituo viwili. Kimoja kiko kwenye maegesho ya jengo la maduka hapa Nairobi, cha pili kiko Naivasha kando ya barabara kuu. Majina ya kampuni nayaacha, maana wenye mashine wana mashine nyingi na mimi nimepima hizi mbili tu.

Kwanza niseme gari langu lilivyo, kwa sababu bila hilo hesabu zangu hazitamfaa mtu. Kabla sijalipa, fundi mmoja kijana alichomeka kifaa kidogo chini ya usukani, akafungua programu ya LeafSpy kwenye simu yake. Ikatuonyesha afya ya betri ni asilimia 83, na kwamba kule Japani gari lilikuwa limechajiwa kwa mashine za haraka zaidi ya mara 300. Kwenye dashibodi vijiti vya betri vilikuwa 11, badala ya 12 vya gari jipya. Maana yake ni kwamba zile kilowati-saa 40 zilizoandikwa kwenye tangazo, mimi napata kama 31 za kuendeshea. Kilowati-saa ni zile zile uniti tunazonunua kwa tokeni, kwa hiyo nitaziita uniti. Barabara kuu, nikienda kilomita 80 kwa saa, uniti moja inanipeleka kama kilomita 6. Piga hesabu: kilomita 180 na kitu. Nakuru ni kama kilomita 160. Kwenye karatasi nafika, lakini karatasi haina mlima wa Limuru.

Sasa kituo cha Nairobi.

Ilikuwa Jumamosi, wiki ya pili tangu ninunue. Stima ilikuwa imepotea mtaani kwetu tangu Ijumaa mchana, na gari lilibaki na asilimia 14. Mzigo wa Nakuru ulikuwa umeshafungwa, sweta 64 za bluu zenye mistari ya njano shingoni, na niliahidi zifike Jumatatu asubuhi kabla shule hazijafunguliwa. Nikafungua ramani ya simu. Ikaniambia kuna chaja ya haraka kilomita 5 kutoka nyumbani, na kwamba iko wazi. Nikaenda nikiwa na amani kabisa.

Nilikuta Prado ya dizeli imeegeshwa mbele ya mashine, kwenye nafasi iliyopakwa rangi ya kijani na kuchorwa plagi. Mlinzi alikuwa mtu mwema, akazunguka duka hadi duka kumtafuta mwenyewe, dakika 25. Nafasi ilipopatikana, mashine ikataka programu yake yenyewe ndani ya simu. Programu ikataka niweke pesa kwanza, na kiwango cha chini kilikuwa shilingi 1,000. Nikalipa kwa M-Pesa. Nikachomeka plagi, taa tatu za bluu juu ya dashibodi zikaanza kupepesa, mashine ikalia tak ndani ya tumbo lake, kisha kimya. Kioo kikaandika kosa. Nikajaribu tena, kosa. Mara ya tatu, kosa.

Nilipiga nambari iliyobandikwa ubavuni. Aliyepokea aliniambia nizime gari niliwashe. Nikafanya. Akaniambia nisubiri awasiliane na mafundi. Baada ya robo saa ndipo akasema maneno ambayo hadi leo yananiuma: plagi ya CHAdeMO, yaani ile inayoingia gari langu, kwenye mashine ile ilikuwa mbovu tangu wiki iliyotangulia.

Walijua, na bado ramani ilisema iko wazi. Mtu anayekuja na asilimia 14 anakuja kwa sababu ya neno hilo moja. Nilirudi nyumbani polepole na asilimia 9, kiyoyozi kimezimwa, na Jumatatu sweta zilisafiri kwa matatu ndani ya magunia, zikafika saa sita mchana wazazi wakiwa wameshaenda kununua kwingine. Shilingi 1,000 zilirudi baada ya siku 11, na nilipiga simu mara nne kuzidai.

Baada ya hapo niliketi na fundi yule kijana anifundishe plagi, jioni moja mbele ya karakana, na hili ndilo somo ambalo ningependa kila anayeleta Leaf apewe siku ya kukabidhiwa ufunguo. Ukifunua kifuniko kwenye pua ya gari utaona midomo miwili. Ule mkubwa ni CHAdeMO, mfumo wa Wajapani, na ndio wa chaji ya haraka. Ule mdogo ni Type 1, wa chaji ya polepole, ya nyumbani. Magari mengine mengi ya umeme yanayouzwa mapya hapa, pamoja na yale ya Ulaya, yanatumia CCS2, na plagi hiyo haiingii kwenye Leaf. Kuna pia vituo vyenye tundu la Type 2 bila waya. Hapo unahitaji waya wako mwenyewe wenye Type 2 upande mmoja na Type 1 upande wa pili, na hata ukiwa nao utachaji polepole.

Kwa hiyo mtu akikwambia "pale kuna chaja ya haraka", hajakwambia kitu bado. Swali ni: plagi ya CHAdeMO ipo, na leo imechaji gari? Siku hizi nauliza hivyo hivyo kwa simu, na nataka kusikia "ndiyo, asubuhi hii imechaji gari fulani". Nikisikia "inafaa kuwa inafanya kazi", siendi.

Nambari ya simu ya kituo cha Naivasha niliipata kutoka kwa dereva wa teksi mwenye Leaf kama yangu. Nilipiga usiku wa kuamkia safari. Kijana wa kituo alipokea mlio wa pili. "Iko sawa, mama. Saa tisa hivi leo ilichaji Leaf nyeupe. Kesho ukifika Flyover nipigie tena nikuangalizie foleni." Huyo ndiye mtu niliyemhitaji ile Jumamosi.

Niliondoka South B saa kumi na moja alfajiri, betri imejaa, mzigo wa kilo 120 nyuma. Kutoka Nairobi barabara inapanda bila haraka: Limuru, Kimende, Soko Mjinga, hadi unavuka mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, na Nairobi tulikuwa mita 1,700 hivi. Mlima huo peke yake ulikula kama uniti 4, mbali na zile za mwendo. Nilipofika Flyover nilikuwa na asilimia 51, na niseme ukweli, moyo ulikuwa ukienda mbio kwa sababu nilikuwa sijafika hata nusu ya safari. Nikampigia kijana. "Hakuna gari hapa, njoo tu."

Kisha barabara inateremka, na hapo ndipo nilipoipenda Leaf. Ukiachia kanyagio, mota inageuka kuwa jenereta, uzito wa gari na sweta zangu unarudisha stima kwenye betri. Kilomita 30 za kuelekea Naivasha zilinila asilimia 9 tu. Kwa Probox mteremko ule ulikuwa unamaliza breki.

Mashine yenyewe ni moja, kilowati 50, yaani kasi yake ya kumimina stima, na ina plagi mbili, CHAdeMO na CCS2. Waya wa CHAdeMO ni mnene kama kifundo cha mkono wangu, na asubuhi yenye baridi unakuwa mgumu kama mpira wa bomba. Kijana alinionyesha: unainua plagi kwa mikono miwili, unailenga sawasawa bila kuipindisha, unaisukuma hadi isikike tak, ndipo unagusa kioo. Nilipotaka kuhakikisha kwa kuivuta kidogo alinizuia. "Usivute, mama. Mashine imeishika, haiwezi kuiachia mpaka umalize." Taa za bluu zikapepesa. Nilisimama pale nimeshika mlango wa gari nikisubiri kimya kile cha Jumamosi. Badala yake feni ikaanza kuvuma, na kioo kikaandika asilimia 42, kilowati 44.

Kaa uangalie kioo kile angalau mara moja, utafahamu mengi. Hadi asilimia 60 mashine ilikuwa ikimimina kilowati 43, 44. Kuanzia hapo ikaanza kushuka, 36, 30, na ilipofika asilimia 80 ilikuwa 23. Si ubovu wa mashine, ni betri yenyewe inayoomba kidogo kidogo kadiri inavyojaa, kama mtu anayemalizia kujaza chupa asimwage. Ndiyo maana wenye uzoefu wanaondoka kwenye 80. Ile 20 ya mwisho inaweza kuchukua muda mrefu kuliko zote ulizojaza kabla yake, na nyuma yako kuna mtu anasubiri.

Dakika 22, uniti 12.8, shilingi 55 kila uniti, jumla shilingi 704. Nililipa kwa M-Pesa baada ya kuchaji, nambari ya till imebandikwa kwenye mashine, hakuna programu ya lazima wala pesa ya kutanguliza. Risiti ilikuja kwenye simu ikiwa na uniti, muda na bei, kila kitu wazi.

Pembeni kuna mama mmoja anauza chai ya maziwa na chapati. Nilikuwa na kikombe mkononi kijana aliponiambia kwamba jina CHAdeMO, pamoja na maana yake ya kuchaji na kusafiri, Wajapani walilichagua kwa kuwa linasikika kama maneno yao ya kumkaribisha mtu chai, anywe wakati gari linachaji. Kwao chai ni "cha". Nililifurahia sana jambo hilo. Dakika 22 ni muda wa chai na chapati mbili, bila kukimbizwa.

Jambo jingine lililonigusa pale ni stima yenyewe. Olkaria iko ng'ambo ya ziwa, ule mvuke mweupe unaotoka ardhini ambao nchi hii imekuwa ikiutumia kuzalisha umeme tangu 1981. Nimepita Naivasha miaka yote nikiwa na tangi la mafuta yaliyokuja kwa meli hadi Mombasa. Sasa nachaji kwa stima ambayo sehemu yake kubwa inatoka chini ya miguu yetu wenyewe na kwenye upepo wetu. Sioni haya kusema kwamba nilijisikia vizuri.

Niliingia Nakuru na asilimia 41. Nalala kwa dada yangu mkubwa, Section 58, na hapo nachomeka soketi ya kawaida ya pini tatu usiku kucha, kwa muda wa saa kama tisa, nami namnunulia tokeni za shilingi 600. Chaji hiyo ya polepole ndiyo inayoipumzisha betri. Asubuhi gari limejaa.

Mara moja tu nilijaribu kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na ningependa mwenye Leaf mwingine asikie kabla hajajaribu. Nilipita Naivasha alfajiri nikachaji hadi 90. Nakuru nikashusha mzigo, nikachomeka kwa dada kwa muda wa saa tatu, nikageuza. Saa nane mchana nilikuwa Naivasha tena, asilimia 32, jua kali, na mshale wa joto la betri umekaribia wekundu. Plagi ile ile, mashine ile ile, kijana yule yule, lakini kioo kikaandika kilowati 24. Nilidhani mashine imeharibika. Kumbe betri ya Leaf haina maji ya kuipooza kama magari mengi ya umeme ya siku hizi. Joto la barabara na la chaji ya alfajiri lilikuwa bado limo ndani, na gari lenyewe lilikataa kupokea zaidi ili lisijidhuru. Nilikaa dakika 47. Sasa ninalala Nakuru, na chaji ya haraka naipa gari mara moja kwa siku.

Bei nayo niiseme. Shilingi 55 kwa uniti ni karibu mara mbili ya ile ninayolipa nyumbani, ambayo pamoja na kodi inanijia kama 28. Mwaka 2023 mdhibiti wa nishati, EPRA, aliweka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme, shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 saa za matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo. Najua mashine ya haraka ni ghali, na kijana anahitaji mshahara, kwa hiyo sioni 55 kuwa ni dhuluma kwa mtu wa njiani. Lakini anayefikiria kununua Leaf na hana pa kuchaji nyumbani wala kazini, afikirie tena; akitegemea vituo hivi kila siku faida yote itaishia hapo. Kwangu safari nzima ya kwenda na kurudi, nikijumlisha nyumbani, Naivasha mara mbili na tokeni za dada, inakuwa kama shilingi 2,600. Probox ilikuwa inakula petroli ya zaidi ya shilingi 4,400. Na angalieni kama kituo kinatoza kwa uniti au kwa dakika. Kwa Leaf iliyotumika, dakika ni hasara, hasa betri ikiwa na joto.

Naivasha pia ina upungufu. Mashine ni moja, na CHAdeMO na CCS2 hazichaji kwa wakati mmoja. Siku moja nilisubiri nusu saa nyuma ya gari la Kichina lililokuwa likitafuta asilimia 100. Paa hakuna, na siku ya mvua unashika plagi huku maji yanakutiririka mgongoni. Ni salama, mashine haipitishi umeme mpaka plagi ikae na kujifunga, lakini mara ya kwanza utaogopa. Stima ilipotea mara moja nikiwa asilimia 67, ikarudi baada ya dakika chache, na ilibidi tuanze upya. Hapo pia kijana alikuwa karibu, akaniambia lililotokea kabla sijauliza.

Kituo cha Nairobi nakipa nyota moja, na ni ya mlinzi. Nilipita pale wiki iliyopita bila nia ya kuchaji. Plagi ya CHAdeMO ilikuwa imefungwa utepe mwekundu, angalau sasa inaonekana kwa macho, ila kwenye ramani bado imeandikwa iko wazi. Jamani, mwenye mashine, badilisha neno hilo. Halihitaji fundi wala spea.

Naivasha naipa nyota nne. Ya tano nitaiongeza siku nitakayokuta mashine ya pili na bati juu yake. Muhula unafunguliwa Jumatatu ya wiki ijayo, nina sweta 80 za kupeleka, na tayari nimempigia kijana: plagi iko sawa, jana jioni imechaji magari mawili.